Tui la Tatu

AIKA: Kabla hujasema lolote, waambie wasikilizaji una nini mkononi.

MSHANA: Plasta.

AIKA: Plasta ya namna gani?

MSHANA: Ya watoto. Ina sungura. Ndiyo iliyokuwemo kabatini, tuendelee. Habari zenu jamani, karibuni tena kwenye kipindi chetu cha kupika bia nyumbani, hapa Saint Paul, Marekani, nje kuna baridi ya kukata masikio, na leo tuna masomo manne. Nimeyaandika kabisa.

AIKA: Ayaandike vipi na mkono ule? Anza na Jumamosi, mtani.

MSHANA: Sawa. Wiki iliyopita mlinisikia nikitamba kuhusu pampu.

AIKA: Ulitamba dakika kumi na moja. Nilihesabu wakati nahariri.

MSHANA: Basi Jumamosi asubuhi nikaingia gereji. Kimea cha shayiri kilo 3, cha ngano kilo 2. Nikamimina lita 15 za maji ya moto kwenye hotpoti, nikakoroga, kipimajoto kikasoma 67. Nikafunika saa nzima. Hapo hapana wa kunilaumu.

AIKA: Kwa wageni: hotpoti anayosema ni lile jagi la rangi ya chungwa la lita 38, lile ambalo wachezaji wa mpira wa Kimarekani humwagia kocha wao barafu wakishinda. Ndani tumeweka bati lenye matundu, chini koki.

MSHANA: Saa ikaisha. Nikaunga pampu kwenye koki ili inyonye togwa, yale maji matamu ya kimea, chini na kuirudisha juu. Nikafungua.

AIKA: Kiasi gani?

MSHANA: Yote.

AIKA: Mshana.

MSHANA: Yote, dada. Dakika ya kwanza raha tupu, togwa inazunguka kama chemchemi ya hoteli. Dakika ya tatu mpira wa pampu ukaanza kukohoa. Ya tano, tone. Nikangoja. Tone.

AIKA: Umeliziba bati.

MSHANA: Nimeliziba. Nikasema nitapuliza tu kwenye mpira, nizibue. Nikachomoa pampu, nikapuliza. Likazibuka kweli, ila upande wangu. Ndiyo hii plasta.

AIKA: Na baada ya hapo? Usiruke.

MSHANA: Baada ya hapo nikachota kimea chote kwa bakuli nikakitia kwenye foronya, nikaining'iniza kwenye ngazi.

AIKA: Foronya gani?

MSHANA: Foronya nyeupe.

AIKA: Nimeongea na mke wako. Foronya ya seti aliyopewa kwenye kitchen party yake, ina maua ya kudarizi pembeni. Sasa ina rangi ya chai ya maziwa.

MSHANA: Nimeifua mara tatu! Halafu nikamwambia mke wangu, tulia, sheria ya hapa tangu 1978, aliyoisaini Rais Carter, inaruhusu galoni 200 za bia kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili. Akanijibu kwamba humu ndani basi ni galoni 100, maana mtu mzima anamwona mmoja tu.

AIKA: [anacheka] Namwongezea mshahara. Haya, somo la kwanza, kuzungusha togwa, nalitoa mimi maana wewe ni mgonjwa. Togwa ya kwanza kutoka kwenye koki huwa na vumbi na vipande vya maganda. Usiipeleke kwenye sufuria ya kuchemshia. Ipokee kwa jagi, lita mbili au tatu, uirudishe juu taratibu. Mimi naweka sahani juu ya kimea ndiyo naimiminia hapo, isichimbe shimo. Unarudia mpaka ukitazama kwenye glasi unaona kidole chako upande wa pili. Koki robo tu. Robo! Maganda ya shayiri ndiyo chujio lenyewe, yanajipanga polepole. Ukivuta kwa pupa yanalala yote chini, unga unajaza nafasi, unapata sakafu.

MSHANA: Na ngano?

AIKA: Ngano haina maganda. Umeweka kilo mbili katika tano, umepika gundi. Ungechanganya maganda ya mpunga mikono miwili mitatu, ungepona.

MSHANA: Hilo ndilo linaniuma. Maganda ya mpunga! Kwetu watu wanachomea matofali, mtu anakuomba uyazoe bure. Hapa nimekuta yamefungwa kwenye mfuko yana bei.

AIKA: Ukaacha kununua.

MSHANA: Nikaacha kununua.

AIKA: Mpare huyu. Haya, somo la pili, kusuuza.

MSHANA: Hilo niachie, nilifundishwa nikiwa na miaka saba. Tanga, Ngamiani, nyumbani kwa shangazi.

AIKA: Shangazi alipika bia?

MSHANA: Shangazi haonji hata divai ya kanisani. Nazungumzia nazi. Unakuna nazi kwenye mbuzi, unatia maji kidogo ya vuguvugu, unakamua kwa kifumbu. Unachopata?

AIKA: Tui la kwanza.

MSHANA: Zito, linawekwa kando la kumalizia. Unatia maji tena, unakamua. Tui la pili, ndilo la kuchemshia maharage. Sasa hotpoti ni kifumbu kikubwa. Ile togwa inayotoka yenyewe ni tui la kwanza. Unatia maji mengine ya moto, unapata la pili. Hata mabaki jina ni moja, machicha. Ukijua kupika maharage ya nazi umeshajua kusuuza kimea.

AIKA: Hiyo nimeipenda. Ungekuwa unaongea hivi kila wiki.

MSHANA: Halafu kuna tui la tatu.

AIKA: La nini?

MSHANA: La tatu. Shangazi alikuwa anatia maji mara ya tatu.

AIKA: Hakuna tui la tatu, Mshana. Hayo ni maji yaliyopita karibu na nazi.

MSHANA: Lilikuwa linapikiwa wali wa wapwa. Watoto wake wali wa tui la pili, sisi wapwa la tatu.

AIKA: [anacheka sana] Pole. Pole jamani. Sasa naelewa. Chai uliyonipa nilipoingia leo!

MSHANA: Ina nini chai?

AIKA: Nilidhani umenipa maji ya moto kwenye kikombe cha kahawia. Ile ni tui la tatu.

MSHANA: Majani yale yalikuwa na nguvu bado.

AIKA: Na maikrofoni hii yenye utepe mweusi? Tui la tatu. Ule utani wako wa kocha wa Same, tumeusikia vipindi vingapi? Tui la nne ule, umeshavuka machicha.

MSHANA: Mchaga anayenicheka ni yule aliyeniuzia pampu yake ya zamani kwa bei ya mpya.

AIKA: Iliharibika?

MSHANA: Haikuharibika.

AIKA: Basi ulinunua tui la kwanza. Lakini ngoja, hapa tuongee kwa uzito, maana nimeonja bia yako ya Krismasi. Ulisuuza mpaka wapi?

MSHANA: Mpaka haidromita, kile kipima sukari ya togwa, ikasoma nne.

AIKA: Wasikilizaji, 1.004. Maji ni 1.000. Alikuwa anakusanya maji.

MSHANA: Yenye sukari ndani!

AIKA: Yenye ukakasi ndani. Togwa ikishakuwa nyepesi, ile asidi ya kimea imeshakwenda. pH, kile kipimo cha asidi, ikipanda kupita 6 na maji yako yamezidi nyuzi 77, maganda yanaachia kile kinachokukaza ulimi ukila ndizi mbichi. Ndiyo maana watu husimama kwenye kumi, 1.010. Bia ile nilikunywa nikatafuta meno yangu.

MSHANA: Ule ni uchungu wa hopsi, yale maua ya kwenye bia.

AIKA: Uchungu na ukakasi ni vitu viwili. Uchungu naujua, nimekulia Marangu, bibi alikuwa anatia magome ya msesewe kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Uchungu unakaa nyuma ya koo. Yako ilikamata mashavu.

MSHANA: Maji yangu yalikuwa nyuzi 75. Na nilinyunyizia polepole, saa nzima, maji yakikaa vidole viwili juu ya kimea, sikuacha kikauke. Waskoti ndio walioeneza unyunyiziaji huu. Waingereza wenyewe walikuwa wanaloweka kimea kilekile mara mbili, mara tatu. Togwa ya kwanza bia kali, ya mwisho bia nyepesi ya kunywa kila siku. Tui la tatu lilikuwa na wanywaji wake London, mtani!

AIKA: Waskoti. Wapare wa Uingereza.

MSHANA: Asante, nalipokea kama sifa.

AIKA: Lakini uliyoyasema yananisaidia mimi. Wao walizitenganisha. Ya tatu ilikuwa bia yake, haikumwagwa kwenye ile kali. Wewe unamimina la tatu ndani ya la kwanza. Shangazi angefanya hivyo?

MSHANA: Shangazi asingetupa. Wewe unatupa. Waambie unavyofanya.

AIKA: Sifichi. Sisuuzi. Naweka maji yote mwanzoni, lita 27, na kimea kilo 6 badala ya 5. Nazungusha kwa jagi, nafungua koki, nimemaliza. Saa nzima yangu nimeiokoa.

MSHANA: Kila kilo ya kimea inabaki na lita moja hivi ya togwa. Kilo 6, lita 6. Lita 6 katika 27, ni zaidi ya moja ya tano ya sukari yako, Aika, unaipeleka kwenye pipa la taka.

AIKA: Kwa jirani mwenye kuku. Na ile kilo ya ziada ni dola chache.

MSHANA: Sio dola.

AIKA: Mpare ameniambia sio dola. Rekodi hiyo.

MSHANA: Nasema kweli, sio dola. Mtu amelima ile shayiri, imeloweshwa, imeoteshwa, imekaushwa. Wewe unaichovya mara moja unaitupa kwa sababu una haraka. Inanikera kuiangalia. Umekulia kwenye mbege, nilitegemea wewe ndiye ungenielewa.

AIKA: Kwenye mbege hakuna kusuuza! Ndizi zinachujwa, sawa, lakini mso, ule uji wa kimea cha ulezi, unaingia wote. Unakunywa na nafaka yake. Bibi hakusuuza kitu siku moja.

MSHANA: Kwa sababu hakubakiza kitu! Bibi yako alikuwa mkali kuliko mimi. Alikunywa mpaka machicha.

AIKA: Usimtumie bibi yangu.

MSHANA: Wewe ndiye umemleta.

AIKA: Nimemleta kwa ladha. Alikuwa akionja, anasema basi. Hakutazama chombo cha kupimia akasema bado kuna nukta nne. Ladha ikiharibika hujaokoa shayiri, umeiharibu yote pamoja na ile nzuri.

MSHANA: Haikuharibika.

AIKA: Iliharibika.

MSHANA: Chupa 40 zimekunywewa zote.

AIKA: Kwa sababu zilikuwa za bure.

[Kimya.]

MSHANA: Hiyo sikubali.

AIKA: Na mimi sikubali ya pipa la taka. Twende somo la tatu.

MSHANA: La tatu ni maji ya bomba na klorini. La nne, swali la msikilizaji wetu wa Hamburg, yule anayepikia kwenye mfuko wa kitambaa badala ya hotpoti, anauliza kama naye azungushe.

AIKA: Saa ngapi?

MSHANA: Tisa na nusu.

AIKA: Zamu yangu inaanza kumi kamili na gari limefunikwa theluji. Klorini hapana. Hamburg, kaka, tutakuandikia.

MSHANA: Mfuko wenyewe ni chujio, ajaribu tu.

AIKA: Asitumie foronya.

MSHANA: Chukua chai kwenye chupa uende nayo.

AIKA: Ni ileile?

MSHANA: Nimeongeza maji.

AIKA: Zima mashine, Mshana.

MSHANA: Nne.

AIKA: Kumi!

[Mlango.]