Gitaa la Mwanafunzi Si Kichezeo

Hili nimeshalisema sana, na leo nalirudia kwa sababu bado nawasikia watu wakitamka “gitaa la mwanafunzi”, yaani gitaa la umeme la bei nafuu la kujifunzia, kama vile wanataja filimbi ya plastiki.

Haya, mchukueni Nathan Daniel wa New Jersey, mwenye kampuni ya Danelectro. Alianza na amplifaya. Magitaa yakafuata 1954, mengi yakiuzwa na Sears, maduka makubwa ya Marekani, kwa jina la Silvertone. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mwili wa gitaa lake ulikuwa hivi: fremu ya mbao rahisi, mbele na nyuma hadibodi, pembeni utepe wa vinaili wa kuficha maungio. Ndani, sehemu kubwa ni uwazi mtupu. Ndiyo, hadibodi! Ile ile ya mgongo wa kabati. Namwona fundi pale nyuma anatikisa kichwa: ikilowa itavimba. Sasa bwana, nani kakutuma upige gitaa la umeme mvuani?

Na pikapu je, kile kifaa cha kunasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza umeme? Hapo ndipo raha yangu. Daniel alichukua kipande cha sumaku, akakizungushia waya, akakisokomeza ndani ya vikopo vya lipstiki. Sisemi vinafanana na vya lipstiki. Ni vyenyewe, vya watengeneza vipodozi. Na pikapu mbili zikiwashwa pamoja, umeme unapita ya kwanza ndipo uingie ya pili, kwa hiyo sauti inapanda. Wenzake wengi waliziunganisha sambamba, ukiwasha zote hupati nguvu hiyo. Huo ni ubahili? Huo ni ufundi!

Kisha 1962 likaja Silvertone 1448: kasha la kubebea gitaa ndilo amplifaya, na spika imo humo humo. Chini ya dola 70. Mtoto anafungua, anachomeka, majirani wanakoma.

Mnaosema halifai jukwaani, Jimmy Page, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, alipanda jukwaani na Danelectro. Tuendelee.

Kampuni nyingine mbili, Gibson na Fender, napita mbio, muda umekwisha. Gibson, Les Paul Junior ya 1954: ubao bapa wa mahogani, pikapu moja, basi. Fender, Musicmaster na Duo-Sonic za 1956: urefu wa uzi unaopigwa ni inchi 22.5 badala ya 25.5 za Stratocaster, gitaa lao kubwa, ili vidole vifupi vifike.

Ukikuta Danelectro kuukuu inauzwa, tazama shingo kwanza. Ndani mna fito mbili za chuma, lakini hakuna skrubu ya kuzirekebisha. Ikipinda, imepinda. Haya, maswali.