Jeni Inayonakiliwa kwa Saa 16

ZAWADI: Karibu tena msikilizaji. Leo tunaingia ndani ya kiini cha seli, pale DNA inaponakiliwa kuwa RNA. Kaka Idrisa, maelekezo yote yamo kwenye DNA. Kwa nini seli isitengeneze protini kutoka hapo hapo?

IDRISA: Kwa seli zetu, dada, DNA ya kiini haitoki humo, na protini hutengenezwa nje, kwenye ribosomu; nakala ya RNA ndiyo inayopeleka maelekezo huko. Halafu kuna suala la kiasi. Protini ikihitajika kwa wingi, jeni ileile hunakiliwa tena na tena. Haja ikiisha, RNA zile huvunjwavunjwa, na DNA imebaki salama.

ZAWADI: Na mnakili mwenyewe ni nani?

IDRISA: Kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA. Hutua kwenye promota, sehemu ya DNA inayoonyesha mwanzo wa jeni. Nyuzi mbili hufunguka kidogo kama zipu, kinasoma uzi mmoja na kuunga RNA herufi kwa herufi, yaani kijenzi kimoja kimoja cha kemikali. Penye G kinaweka C, penye C kinaweka G, penye T kinaweka A.

ZAWADI: Penye A kinaweka T.

IDRISA: Hapana, hapo kinaweka U, yaani yurasili. RNA haitumii thimini, ile T. Kikishapita, nyuzi za DNA zinajifunga nyuma yake.

ZAWADI: Kinakwenda kasi gani?

IDRISA: Kwa binadamu, herufi elfu kadhaa kwa dakika. Utaona ni nyingi, mpaka ukutane na jeni ya distrofini, protini inayolinda misuli. Ina herufi takriban milioni 2.2. Kuinakili mara moja huchukua kama saa 16.

ZAWADI: Saa 16 kwa nakala moja!

IDRISA: Na baada ya kazi yote hiyo, RNA inayokwenda kutengeneza protini hubaki na herufi kama 14,000. Nyingine ni introni, zinakatwa. Phillip Sharp na Richard Roberts ndio waliogundua mwaka 1977 kwamba jeni zina vipande vya namna hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel 1993.

ZAWADI: Si hasara hiyo?

IDRISA: Mimi siiti hasara. Vipande vinavyobaki vinaweza kuungwa kwa namna tofauti, na jeni moja ikatoa protini zaidi ya moja.

ZAWADI: Sasa nieleze rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Nasikia inagusa unukuzi huu huu, yaani kunakili DNA kuwa RNA.

IDRISA: Naam, na hapa ndipo ninapopapenda. Inajibana ndani ya polimerasi ya bakteria na kuziba njia ambayo RNA changa hupitia. Herufi mbili tatu zikishaungwa, mnyororo unakwama. Bila RNA hakuna protini mpya, bakteria anakufa. Polimerasi zetu za kwenye kiini zina umbo jingine, dawa haizishiki.

ZAWADI: Lakini usugu upo.

IDRISA: Upo, na mara nyingi chanzo chake ni badiliko la herufi moja tu kwenye jeni iitwayo rpoB, inayotengeneza sehemu ya polimerasi hiyo. Umbo linabadilika kidogo, dawa inakosa pa kushika. Ndiyo maana haitolewi peke yake kutibu kifua kikuu, huchanganywa na nyingine.

ZAWADI: Daktari atajuaje mapema?

IDRISA: Kipimo cha GeneXpert hukagua jeni hiyohiyo kwenye makohozi ya mgonjwa. Ndani ya saa mbili hivi anajua kama bakteria wa kifua kikuu wamo, na kama rifampisini itawaweza.