Unga Hupimwa Kabla Kihenge Hakijachorwa

Habari za jioni, ndugu wahandisi, na ninyi wanafunzi mliojazana huko nyuma.

Ukiingia katika kiwanda chochote kinachoshughulika na unga, uwe wa nafaka, wa saruji au wa dawa, usikimbilie kuangalia mitambo. Tazama kwanza koni ya chini ya kihenge, pale chuma kinapobana kuelekea mdomoni. Ukikuta mabonyeo ya nyundo yameuzunguka mdomo, umeshaelewa mambo ya pale: unga hautoki, na kuna mtu kazi yake ni kuugongea. Nyundo yenyewe huzidisha matatizo. Kila pigo hushindilia unga, na kila bonyeo huota nundu upande wa ndani, itakayoukwamisha kesho.

Chanzo cha yote haya ni mazoea ya kuufikiria unga kana kwamba ni maji mazito. Jaza tangi la maji, na shinikizo la chini litapanda kadiri kimo kinavyopanda. Mwaka 1895 mhandisi Mjerumani H. A. Janssen alipima nafaka ndani ya vihenge vya majaribio akaonyesha jambo tofauti: shinikizo la chini hupanda, halafu hufika mahali likagota, hata ukiendelea kujaza. Uzito umehamia ukutani, unashikiliwa na msuguano. Ndiyo maana kuta nyembamba za kihenge huweza kujikunja, ingawa aliyezichora alikuwa amepiga vizuri hesabu ya sakafu.

Sasa tushuke kwenye chembe yenyewe. Uzito wa chembe hufuata ujazo wake. Mvutano unaoigandisha kwa jirani yake hupungua polepole zaidi, takriban kwa kufuata kipenyo tu. Punguza kipenyo mara kumi: uzito unashuka mara elfu, mvutano mara kumi. Maana yake, ukilinganisha na uzito wake, chembe ndogo inanata mara mia zaidi ya ile kubwa, na wala hatujabadilisha kitu kingine chochote. Mpaka wenyewe uko karibu na mikromita 100 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ingawa kila unga una wake. Juu ya hapo, chembe kavu humwagika bila kulazimishwa. Ukishuka chini sana ya hapo, zinashikana, zinajenga tao juu ya mdomo wa koni, na tao hilo linaweza kubeba tani za unga uliolala juu yake.

Aliyelitolea tao hilo hesabu ni Andrew Jenike, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Utah, na taarifa yake ya mwaka 1964 bado iko mezani kwetu. Swali lake lilikuwa rahisi: unga ulioshindiliwa kiasi hiki una nguvu gani? Unaujaza kwenye kikopo kilichokatwa pete mbili, unaukandamiza kwa uzito unaoujua, kisha unaisukuma pete ya juu pembeni mpaka unga ukatike. Ukirudia kwa mizigo mbalimbali, unapata nguvu ya unga, na kutokana nayo upana wa mdomo ambao tao haliwezi kuuvuka. Ukipima pia msuguano wa unga na bati la ukutani, unajua koni iwe mwinamo gani ili unga wote ushuke kwa pamoja. Koni ikilala mno, unashuka wa katikati tu. Ule wa pembeni unabaki miezi, unaganda, na ulioingia wa kwanza ndio unaotoka wa mwisho. Kwa unga wa chakula hiyo ni balaa.

Mnaoona haya ni matatizo ya usumbufu tu, twendeni Turin, Italia, Desemba 1785. Katika ghala la unga la mwoka mikate, kijana alikuwa chumba cha chini akichimbua unga ili ule wa chumba cha juu umwagikie kwake. Hali ya hewa ilikuwa kavu kwa muda mrefu na unga ulikauka kupita kawaida. Alipochimba kwa kina, shehena kubwa iliporomoka kwa mpigo, wingu likajaa chumbani, na taa iliyoning'inia ukutani ikaliwasha. Hivyo ndivyo Kabaila (Count) Morozzo alivyoieleza ajali hiyo. Watu husimulia habari ya taa. Mimi nasimulia habari ya unga uliogoma kushuka mpaka ukachokonolewa.

Zaidi ya karne mbili baadaye, Februari 2008, kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, Georgia, Marekani, kililipuka na watu 14 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba mkanda wa kusafirishia sukari chini ya vihenge ulikuwa umefunikwa kwa mabati bila kuwekewa njia ya kuondoa vumbi, na mabonge ya sukari yalikuwa na kawaida ya kukwama kwenye midomo ya kutolea. Mlipuko wa kwanza ulilitikisa vumbi lililolala kwenye sakafu na maboriti, nalo likawa chakula cha milipuko iliyofuata.

Kunata si adui siku zote. Dawa ya kuvuta kifuani lazima iwe na chembe za mikromita 1 hadi 5 ili ifike mapafuni, na unga wa namna hiyo haupimiki wala haumwagiki. Kwa hiyo hubandikwa juu ya chembe kubwa za laktosi, yaani sukari ya maziwa. Ikinata kidogo mno, inajitenga ndani ya kopo. Ikinata kupita kiasi, mgonjwa anavuta na dawa inabaki kooni. Ajabu nyingine ninayoipenda: ukichanganya silika laini mno, chini ya asilimia moja, unga mkaidi huanza kutiririka, kwa kuwa vijichembe hivyo hukaa katikati ya chembe kubwa na kuzitenganisha.

Najua wengi mtaniuliza kuhusu kompyuta. Tangu kazi ya watafiti Cundall na Strack ya mwaka 1979 tunaweza kufuatilia chembe mojamoja kwa kompyuta. Lakini kilo moja ya unga wa mikromita 10 ina chembe zaidi ya trilioni moja, basi watu huzikuza chembe, kisha huchezea namba za msuguano mpaka lundo la kwenye skrini lifanane na la mezani. Sikatai. Ila namba zilizosawazishwa kwa lundo zimethibitisha lundo, koni bado.

Kwa hiyo mkituletea sampuli maabarani, leteni unga uleule utakaoingia kihengeni, kwenye mfuko usiopitisha hewa ili unyevu wake usibadilike, na mtuambie utakaa humo saa ngapi bila kutolewa. Ule utakaolala kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, nasi tutaulaza kikoponi chini ya mzigo kwa muda huohuo ndipo tuusukume.