Leseni ya Kuzaa

Mheshimiwa Mwenyekiti, asante. Wanangu, hamjambo?

Nimeliona bango lenu pale getini. Kichanga ndani ya chupa ya kioo, nyuma yake roboti, na chini maandishi makubwa: "Mwaka 2090: Serikali itakapoamua nani azae." Bango zuri, aliyelichora apewe chai na vitumbua viwili. Ila mwaka mmekosea. Mmekosea kwa zaidi ya karne moja na nusu, na roboti hapakuwa nayo. Palikuwa na madaktari waliofunga tai, na mama mmoja wa ustawi wa jamii, na jaji ambaye mpaka leo wanasheria wanasifu uandishi wake.

Wanaonijua wameshaanza kucheka. Naam, naenda Virginia tena, kule Marekani. Mwenzangu mmoja idarani alikuwa akinitania kwamba Carrie Buck nimemfanya binamu yangu. Sikatai. Binamu wengine ninao ambao siwakumbuki hata nusu ya hivyo.

Carrie alizaliwa 1906, Charlottesville. Mama yake, Emma, alikuwa maskini, na mtoto akachukuliwa kulelewa na familia moja iliyoitwa Dobbs. Kulelewa, eeh? Sisi huku tunajua maana yake mtoto wa kulelewa akishafika umri wa kubeba ndoo. Alisoma mpaka darasa la sita, na mwalimu wake wa mwisho akaandika kwamba tabia yake na masomo yake ni mazuri sana. Hapo wakamtoa shule, akabaki mtumishi wa nyumbani. Alipofika miaka kumi na saba akabakwa na mpwa wa mama mlezi. Akashika mimba. Sasa familia ina aibu mlangoni. Mnajua walifanya nini? Hawakumpiga wala kumfukuza usiku. Walijaza fomu.

Fomu ile ilisema binti ni mpungufu wa akili, na ana tabia chafu. Mimba ndiyo ushahidi wa tabia, na tabia ndiyo ushahidi wa akili. Mnaona duara hilo? Akapelekwa kwenye koloni, yaani kituo cha kuwafungia wenye kifafa na wapungufu wa akili, kule karibu na Lynchburg, ambako mama yake alikuwa ameshafungiwa kabla yake. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, Machi 1924, akaitwa Vivian, akabaki na wale wale akina Dobbs.

Mwaka huo huo Virginia ikapitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu wa aina hiyo, wakitaka wasitake. Wakubwa wa koloni hawakuwa wajinga. Walitaka kesi ya majaribio, iende juu mpaka mwisho, ili wasije wakashtakiwa baadaye. Carrie aliwafaa sana: mama yuko ndani, binti yuko ndani, na sasa kuna kichanga. Wakimpata na kichanga kwamba ni mpungufu, vimetimia vizazi vitatu, na nadharia yao ya mbegu mbaya imesimama.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, hata wewe unayechati. Novemba 1924 yule mama wa ustawi wa jamii akapanda kizimbani kueleza habari za kichanga. Alikuwa amemwona Vivian akiwa mdogo kabisa, na amemwona tena ana miezi isiyozidi minane. Akaulizwa, mtoto yukoje? Akasema mtoto ana mwonekano fulani ambao si wa kawaida sana, lakini ni nini hasa, hawezi kusema.

Hawezi kusema! Nimefundisha sheria miaka mingi. Mwanafunzi akiniandikia hivyo kwenye mtihani namrudishia karatasi yake. Pale iliingia kwenye kumbukumbu za mahakama. Ipo picha pia: mama Dobbs amempakata Vivian, ameshika sarafu mbele ya macho ya mtoto, wanampima akili. Kichanga na sarafu! Kina mama mliomo humu, mtoto wa umri huo siku amelala vizuri anaitaka sarafu aile, siku nyingine anaangalia dari, humpati. Mimi wangu wa kwanza alikuwa akiangalia feni tu. Leo ni mhandisi.

Wakili wa Carrie hakuita shahidi hata mmoja. Angemwita yule mwalimu wa darasa la sita. Hakumwita. Baadaye watafiti walipochimba wakakuta wakili huyo aliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya koloni lile lile, na ni rafiki wa zamani wa wakili wa upande wa pili. Na mtaalamu aliyeandika ripoti ya kitaalamu juu ya familia, Harry Laughlin, hakuwahi kumtia Carrie machoni. Alitumiwa karatasi, akajibu kwa karatasi. Huyo ndiye aliyetunga sheria ya mfano ambayo majimbo yaliinakili, na ndani yake wenye kifafa wamo. Na yeye mwenyewe alikuwa na kifafa. Wala sichekeshi.

Mei 2, 1927, Mahakama ya Juu ya Marekani: majaji wanane upande mmoja, mmoja tu akapinga. Jaji Holmes akasema kanuni inayoruhusu chanjo ya lazima ni pana vya kutosha kuruhusu na kukata mirija ya uzazi, kisha akamalizia, "Vizazi vitatu vya mataahira vinatosha." Hukumu nzima kurasa chache tu, mtu anaweza kuisoma huku ugali unaiva. Oktoba 19 mwaka ule Carrie akafanyiwa upasuaji.

Na Vivian? Vivian alianza shule. Rekodi zake zipo. Tabia A. Hesabu ilimsumbua, kama ilivyonisumbua mimi na kama inavyowasumbua nusu ya waliomo humu. Aprili 1931 jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Mwaka uliofuata akaugua, akafa, ana miaka minane. Carrie aliachiwa kutoka kolonini, akaolewa, akaishi mpaka 1983, na waliomtembelea uzeeni walimkuta anasoma gazeti na kujaza fumbo la maneno. Yule mpungufu wa akili. Kuna na mdogo wake, nitamfikia nikipata muda.

Sasa najua kuna mtu anasema moyoni, mama huyu anatupotezea muda na habari za Wamarekani. Haya. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye daladala, tumesimama kwenye taa, binti mdogo anapita dirishani anaomba, mgongoni ana mtoto. Baba mmoja nyuma yangu akasema, "Watu wengine wangewekewa leseni ya kuzaa." Gari zima likaitikia. Konda akaitikia, mama mwenye kuku akaitikia. Na mimi, mwalimu wenu, niliyekuja hapa na sauti kubwa, nilinyamaza, kwa sababu jua lilikuwa kali na nimechoka. Kwa hiyo leo nalipa deni.

Leseni! Mnazungumzia leseni zipi? Hizi hizi ambazo mtu anaipata mfukoni na hajawahi kukanyaga klachi? Nani atakaa pale dirishani? Maana dirisha litakuwepo, na foleni, na mtu wa kukwambia njoo kesho mtandao uko chini. Na vigezo? Kipato? Basi bibi yangu aliyezaa tisa kwa jembe la mkono asingefika dirishani, na mimi nisingekuwa hapa kuwachosha. Maadili? Ya nani? Akili? Haya, leta sarafu.

Kuna kijana mmoja mwaka juzi alinibana vizuri, nampa haki yake. Akasema, mwalimu, mbona anayetaka kuasili mtoto anachunguzwa na ustawi wa jamii, nyumba inakaguliwa, na hulalamiki? Swali zuri. Jibu langu: pale mtoto yupo, ana jina, analala kitanda fulani leo usiku, na dola inamlinda yeye. Kwenye leseni ya kuzaa hakuna mtoto wa kulindwa. Kuna mwanamke wa kuzuiwa tu. Na binti yule wa kwenye taa, mlio na huruma naye sana, angehitaji nini? Leseni? Alihitaji mtu wa kumuuliza mimba ni ya nani, na yule mtu afuatwe. Kama Carrie. Mpwa wa mama Dobbs hakufungwa chochote.

Samahani, hii karatasi imenifikia. Mahudhurio. Jina, taasisi, namba ya simu, saini... hali ya ndoa, idadi ya watoto. Mwenyekiti, hii safu ya nini? Kuja kunisikiliza mimi kunahitaji idadi ya watoto? Ati fomu ya semina ya zamani, mmenakili tu. Mnaona. Na mmejaza, wote! Safu nzima imejaa, kuna mmoja kaandika "wawili na nusu." Hongera kwa mwenzio.

Nimesoma bweni miaka ya themanini. Jumatatu ya kufungua shule, kabla hata ya kufungua tranka, tunapanga foleni nje ya zahanati ya shule. Unaingia, unalala, nesi anakubonyeza tumbo chini ya kitovu kwa vidole viwili baridi. Matroni yuko mezani na kaunta buku. Nesi anasema "safi," matroni anaandika "safi." Muhula mmoja mwenzangu wa kitanda cha juu aliingia, nesi akakawia. Jioni tranka lake halikuwepo. Nilikuja kuliona daftari lile siku nimetumwa kufagia: jina lake limekatwa kwa kalamu nyekundu, kwa rula. Mstari umenyooka. Matroni yule alikuwa mama mwema, akituletea ndizi, na hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa na rula.

Mtasema hiyo ni nidhamu ya shule, si dola. Juni 2017 Rais wetu wa wakati ule, Magufuli, alitamka hadharani kwamba msichana akishapata mimba harudi shule. Septemba 2018, Rais huyo huyo akawaambia watu waachane na uzazi wa mpango, wazae. Mmoja akizaa anapoteza darasa, mwingine asipozaa anaitwa mvivu. Novemba 2021 mlango wa shule ukafunguliwa kwa waliojifungua, na nilishukuru, ila mwenzangu wa kitanda cha juu sasa ana wajukuu.

Na majirani zetu. Namibia, Novemba 2014, Mahakama ya Juu iliwapa haki wanawake watatu wenye virusi vya UKIMWI waliofungwa kizazi bila ridhaa ya kweli. Serikali ilikuja na fomu zimetiwa saini. Zilitiwa saini wakiwa kwenye uchungu! Na kwenye karatasi za hospitali upasuaji umeandikwa kwa herufi tatu, BTL. Wauguzi watarajiwa mliomo humu mnaijua BTL, kufunga mirija yote miwili ya uzazi. Mama aliyeshika nguzo ya kitanda anajua ni nini? Kenya, Desemba 2022, Mahakama Kuu Nairobi, wanawake wenye hali hiyo hiyo: walieleza kwamba msaada wa chakula na maziwa ya mtoto uliambatanishwa na kufunga kizazi. Hakuna aliyewashikia bunduki. Waliambiwa wapi pa kusaini. Na mimi sipingi kufunga kizazi, jamani, msiende kunisingizia. Anayetaka mwenyewe afungwe leo leo, na asiulizwe barua ya mume.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na China na Romania, nitazipitia mbio. China: barua ya Chama cha Kikomunisti ya Septemba 25, 1980, mtoto mmoja, hesabu za kuhimiza sera zilipigwa na mtaalamu wa makombora, Song Jian, mtu wa kukadiria bomu litaangukia wapi. Kibali cha kuzaa kilikuwa karatasi halisi, yenye muhuri. Mtoto aliyezaliwa bila karatasi alikosa usajili, na bila usajili shule na hospitali ni shida. Kuanzia 2016 wawili, 2021 watatu, na sasa wanawabembeleza watu kwa ruzuku. Romania ni kinyume chake: Oktoba 1966 mtawala wao, Ceaușescu, akapiga marufuku kutoa mimba, wasio na watoto wakatozwa kodi, wanawake wa viwandani wakapimwa wakiwa kazini. Huku usizae, kule zaa, na foleni ya kupimwa ni ile ile. Mkitaka kujua nini kinafuata kwa nchi inayolilia watu wengi au inayolilia watu wachache, msiulize inalia nini. Ulizeni nani ana daftari.

Mambo ya vinasaba, vipimo vya mimba changa, kampuni za bima, ilikuwa sehemu ya tatu. Haipo tena. Nialikeni mwakani, na mbadilishe bango.

Nimalizie mdogo wake Carrie, maana niliahidi. Doris alifanyiwa upasuaji kolonini mwaka 1928. Akaambiwa ni kidole tumbo. Akatoka, akaolewa, yeye na mumewe wakatafuta mtoto miaka na miaka, madaktari, maombi, kila kitu. Alikuwa ameshazeeka, karibu na 1980, ndipo watu waliokuwa wanafukua kumbukumbu za koloni walipomweleza alichofanyiwa. Alilia. Akasema yeye na mumewe walikuwa wakitaka watoto sana, na hakuwahi kujua sababu. Kovu lilikuwa tumboni kwake kwa zaidi ya miaka hamsini, na kila aliyemuuliza alimwambia ni kidole tumbo.

Haya, maswali. Yule wa nyuma mwenye shati la kijani, mkono wako uko juu tangu nitaje leseni.