Clos de Vougeot: Ukuta Mmoja, Wenyewe Themanini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi: kwenye ukuta. Vumilieni tu.

Ukitoka Dijon, mji wa Burgundy nchini Ufaransa, kwenda kusini, kabla hujafika Nuits-Saint-Georges, unaona ukuta wa mawe umezunguka shamba la mizabibu la hekta 50. Hilo ndilo Clos de Vougeot. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walianza kulikusanya karne ya 12, kipande hiki wakipewa, kile wakinunua, na karne ya 14 wakalizungushia ukuta. Jumba linalopigwa picha kila siku lilikuja baadaye sana, mwaka 1551.

Namwona mtu pale nyuma ananong'ona: "Mzee leo katuletea habari za pombe." Sikukwambia uonje! Nazungumzia mawe, ardhi na mirathi. Hayo hayalevyi.

Haya, ukuta. Wengi hudhani ni uzio wa kuzuia wezi na mifugo. Sivyo. Udongo wa ndani haulingani hata kidogo. Juu, karibu na jumba, ni mwembamba, una chokaa, maji hayatuami. Chini, kwenye barabara kuu, ni mfinyanzi mzito. Mvua ikinyesha unaganda kwenye buti mpaka mguu hauinuki. Lakini madaraja ya ubora wa mvinyo yalipopangwa kisheria mwaka 1937, mstari ulifuata ukuta. Hekta zote 50, mfinyanzi na chokaa, zikaitwa grand cru, daraja la juu kabisa. Mwenye shamba ng'ambo ya barabara hapati daraja hilo hata alie. Mawe waliyopanga watawa zaidi ya miaka 600 iliyopita ndiyo yanayoamua bei ya chupa leo. Mniambie sasa kama huo ni uzio wa mbuzi.

Mtaniuliza: kama ukuta upo na jumba lipo, unalalamika nini? Nalalamikia kilichotokea ndani. Mapinduzi ya Ufaransa yalipowanyang'anya watawa, shamba likauzwa, lakini likauzwa zima, na likakaa zima mpaka 1889. Hapo ndipo wafanyabiashara walipogawana. Sheria ya Napoléon ya 1804, inayotaka watoto wote warithi, ikamalizia kazi. Ninyi wa pwani hamhitaji kuelezwa: shamba la babu likifika kwa wajukuu, mtu anahesabu minazi yake. Kule wanahesabu mistari. Leo wenyewe ni kama 80, na kila mmoja anabeba zabibu zake kwenda kukamulia kwake.

Na jumba? Chama cha Chevaliers du Tastevin, wapenda mvinyo wa Burgundy, ndicho kinacholitunza, tangu liliponunuliwa mwaka 1944, na kwa hilo siwanyimi sifa. Bila wao tungekuwa tunaonyeshana magofu. Ingia chumba cha kukamulia: vikamulio vinne vya mbao, boriti za mwaloni nene ajabu, ambazo zilishushwa juu ya zabibu mpaka maji yote yatoke. Safi, zimefagiliwa. Wala hazikamui kitu. Mvinyo hautengenezwi tena ndani ya jumba hilo. Wageni wanakula karamu, wanaimba, wanaondoka, na anayepogolea mizabibu kwenye baridi ya Januari hata hawamjui.

Mnaniudhi mnaposema, "Basi unataka jumba libomolewe." Nani kasema? Nasema hifadhi inayoishia kwenye jengo ni nusu hifadhi. Andikeni nani anapogolea, kwa mkono gani, na nani kamfundisha. Boriti haiwezi kumfundisha mtu kupogolea.

Nilitaka kuzungumzia filoksera, kile kidudu kutoka Amerika kilichoangamiza mizabibu ya Ufaransa karne ya 19, hata ikabidi wabebeshe mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani. Kwa hiyo atakayekwambia huu ni mzabibu wa watawa, mcheke. UNESCO nao walisajili mashamba ya Burgundy mwaka 2015, vipande 1,247 vyenye majina, Vougeot ikiwemo. Hilo ni mhadhara mwingine.

Na joto, kwa kifupi, maana mwenyekiti ananitolea macho. Kumbukumbu za mavuno za Beaune, jirani hapo, zinaanzia 1354. Tangu 1988 zabibu zinachumwa takriban siku 13 mapema kuliko zamani. Ukuta hauzuii jua. Wenyewe 80 wakitaka kubadili aina ya mzabibu au namna ya kulima, nani ataitisha kikao? Haya, maswali. Wewe uliyenong'ona, anza.