Dawa za Kuamsha Kinga Dhidi ya Saratani: Zitamfaa Nani?

Mabibi na mabwana, swali la mgonjwa huwa fupi: "Daktari, dawa hii itanifaa?" Kwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili, jibu bado linatutoa jasho. Dawa zenyewe haziui saratani. Huachia breki ambayo saratani huikanyaga ili seli T, askari wa kinga ya mwili, zisiishambulie. Ugunduzi wa breki hizo uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Ila breki ikiachiwa na seli T hazimo ndani ya uvimbe, au zimo lakini hazioni kitu kigeni, hakuna kitakachotokea.

Kipimo kilichozoeleka hutafuta PD-L1, protini ambayo saratani huitumia kukanyaga breki hiyo, kwenye kinyama kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe. Katika saratani ya mapafu, kikionyesha kuwa 50% au zaidi ya seli za saratani zina protini hiyo, mgonjwa anaweza kuanzishiwa pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizi, bila kuchanganywa na nyingine. Hata hivyo wapo wenye kiwango cha juu wasiopata nafuu, na wapo wenye sifuri wanaopata. Msishangae: kinyama ni kidogo, PD-L1 hupanda na kushuka, na upande mmoja wa uvimbe huweza kuwa nayo huku mwingine hauna.

Mimi naamini zaidi kipimo kinachoangalia kama seli za saratani zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA. Seli hizo hurundika mabadiliko, mabadiliko huzaa protini ngeni, na hizo ndizo seli T huzitambua. PD-L1 ni dalili; hiki kinagusa chanzo. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha pembrolizumab kwa kigezo hicho, bila kujali uvimbe ulianzia wapi. Mwaka 2022 tukasoma habari za wagonjwa 12 wa saratani ya puru wenye kasoro hiyo: walipewa dostarlimab, dawa nyingine ya kundi hili, na uvimbe ukatoweka kwa wote 12, bila upasuaji wala mionzi.

Wenye kasoro hiyo ni wachache, kwa bahati mbaya. Kuhesabu mabadiliko ya DNA kwa jumla nako kuna mipaka yake: saratani ya figo huitikia dawa hizi ingawa mabadiliko yake si mengi. Na seli yenye mabadiliko tele ikipoteza protini ya B2M, haiwezi tena kuyaonyesha kwa seli T.

Kwa hiyo mgonjwa wa mapafu mwenye PD-L1 sifuri asikatiwe tamaa. Pembrolizumab ikichanganywa na kemotherapia imerefusha maisha hata katika kundi lake. Ila kwanza apimwe mabadiliko katika jeni za EGFR na ALK, maana wenye mabadiliko hayo wana vidonge vyao, na dawa za kinga huwasaidia kidogo mno.