Joto Linapomkuta Nyigu Tumboni mwa Kiwavi

Ndugu zangu, nyigu ninaowazungumzia si wale wanaojenga chini ya paa na kutuuma, bali wadogo wanaotaga ndani ya wadudu waharibifu wa mazao na kuwaua. Trichogramma, kwa mfano, hafikii hata milimita 1. Hutaga ndani ya yai la nondo, buu wake hulila yai hilo kwa ndani, na baada ya siku kama 10, joto likiwa nyuzi 25 za Selsiasi, nyigu hutoboa tundu akatoka.

Joto likiongezeka kidogo, siku hizo hupungua. Wengi hushangilia hapo, wakidhani nyigu wataongezeka upesi. Mimi huguna, maana anayeharakishwa mara nyingi hutoka mdogo, na jike mdogo hubeba mayai machache.

Likizidi zaidi, mambo huharibika. Kuna Cotesia congregata, anayetaga ndani ya kiwavi wa tumbaku na kumwingizia virusi vya kudhoofisha kinga yake. Joto likifika nyuzi 40 hivi kwa siku moja au mbili, mabuu yanaweza kufia humo humo tumboni, na kiwavi anaendelea kutafuna majani kama hakuna kilichotokea.

Ila linaloninyima usingizi ni uzazi. Kwa nyigu hawa, yai lililorutubishwa kwa kawaida huwa jike, na lisilorutubishwa huwa dume. Naam, dume hana baba! Sasa chukua dume aliyepigwa na joto kali akiwa pupa, yaani hatua ya kati ya buu na nyigu kamili. Anatoka, anaruka, anambembeleza jike kwa mbwembwe zote, wanapandana. Ukimtazama utasema mzima, kumbe mbegu zake ni chache mno, au hana kabisa. Jike wake hutaga kama kawaida, na watoto huzaliwa, karibu wote madume. Anayehesabu mayai ya nondo yaliyotobolewa ataridhika na kazi. Angeangalia jinsia angeshtuka.

Zipo pia koo za Trichogramma zenye majike matupu, kwa sababu bakteria Wolbachia hulifanya yai lisilorutubishwa litoe jike. Zilee kwenye nyuzi zaidi ya 30 kwa vizazi kadhaa, bakteria hutoweka na madume huanza kujitokeza.

Naona mkono kule nyuma. Kwa nini wasikimbilie kivulini? Nyigu aliyekomaa hukimbia, hujibanza chini ya jani. Buu hawezi, kiwavi akibaki juani, naye yumo.